Kilemba cha Sydney Newman

Jumapili usiku, tarehe 30 Novemba 1958, katika studio za Didsbury mjini Manchester, Uingereza, mwigizaji alifariki dunia katikati ya mchezo wa televisheni uliokuwa hewani moja kwa moja. Aliitwa Gareth Jones, mtu wa Wales, mwenye umri wa miaka 33. Mchezo wenyewe uliitwa Underground, unaohusu watu walionusurika na bomu la nyuklia wakanaswa kwenye njia za treni chini ya jiji la London. Jones alianguka nyuma ya pazia, kati ya onyesho moja na jingine, huku wenzake wakiendelea kuigiza mbele ya kamera wakisubiri aingie. Hakuingia.

Siku hizo mchezo wa televisheni ulichezwa kama unavyochezwa ukumbini, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nchi nzima inatazama papo hapo. Hapakuwa na nafasi ya kusema tusimame kidogo. Inasimuliwa kwamba mkuu wa michezo hiyo, Mkanada aitwaye Sydney Newman, aliagiza waendelee na wapige picha kama wanavyopiga mechi ya mpira: kamera ifuate mchezo unakoelekea. Mwongozaji, Ted Kotcheff, akashuka studioni kuwapanga upya waigizaji, nani aseme maneno ya Jones na nani ayaruke. Kule juu, kwenye chumba cha kuongozea, kamera ziliachwa mikononi mwa binti ambaye siku tatu kabla ndipo alipotimiza miaka 23. Alikuwa msaidizi wa utayarishaji. Kazi yake ya kawaida ilikuwa kushika saa ya kuhesabia sekunde na kuufuata mswada mstari kwa mstari. Jina lake lilikuwa Verity Lambert.

Mchezo ukafika mwisho. Na miaka mitano baadaye, Newman alipotafuta mtu wa kumkabidhi kipindi kipya ambacho watu wazima wawili wenye uzoefu walikuwa wamekikataa, alimtafuta binti huyo.

Kwetu pwani, fundi alikuwa na mwanagenzi. Kijana alipelekwa kwa seremala, kwa mshonaji au kwa mjenzi wa majahazi, akakaa naye miaka. Alianza kwa kufagia maranda, akashika msumeno, akapewa kiungo kidogo, kisha kikubwa. Siku ya kuhitimu alimpelekea fundi wake kilemba, zawadi ya kumshukuru kwa kazi aliyomfundisha. Neno limebaki katika lugha hata pale desturi ilipofifia. Nikiyasoma maisha ya Verity Lambert, aliyekuja kuwa mmoja wa watayarishaji wakubwa kabisa wa televisheni ya Uingereza, naona uhusiano huohuo wa fundi na mwanagenzi. Nina hakika kwamba uhusiano wa namna hii ndio ulio adimu zaidi katika vituo vyetu vya televisheni, adimu kuliko kamera.

Lambert alizaliwa London tarehe 27 Novemba 1935, katika familia ya Kiyahudi, baba yake akiwa mhasibu. Alisoma Roedean, shule ya bweni ya wasichana yenye jina kubwa, akaiacha akiwa na miaka 16. Alikaa mwaka mmoja Sorbonne, Paris, kisha akarudi London kusomea uhazili. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga chapa orodha za vyakula katika hoteli moja ya Kensington, akaipata kwa kuwa alikuwa anajua Kifaransa. Mwaka 1956 aliingia kampuni ya televisheni ya Granada kama katibu katika ofisi ya habari. Baada ya miezi sita akaachishwa kazi. Ndipo alipokwenda ABC, kampuni ya Kiingereza isiyo na uhusiano na ile ya Marekani, akiwa mpiga chapa na mwandishi wa hati mkato. Hapo mashine ya chapa ndiyo iliyomfikisha studioni: akawa katibu wa mkuu wa michezo ya kuigiza, kisha katibu wa utayarishaji, kisha msaidizi.

Newman aliingia ABC mwaka 1958, na yeye pia alikuwa ameanzia chini. Alizaliwa Toronto mwaka 1917, baba yake mhamiaji kutoka Urusi mwenye duka la viatu. Mwaka 1941 aliajiriwa na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada kama kijana wa kuunganisha vipande vya filamu. Ni kazi ya mkasi na gundi. Jina lako haliandikwi popote. Lakini mkuu wa bodi hiyo alikuwa John Grierson, Mskoti anayehesabiwa kuwa baba wa filamu za hali halisi katika nchi zinazosema Kiingereza. Grierson aliamini kamera ipo ili mwananchi ajione na aielewe nchi yake. Chini yake Newman akapanda: akahariri, akaongoza, akawa mtayarishaji. Alipohamia televisheni, kwanza CBC ya Kanada na kisha ABC, aliibeba imani hiyo. Aliikuta michezo ya Uingereza imejaa sebule za matajiri, akawataka waandishi wamwandikie kuhusu watu wa leo, wafanyakazi, wapangaji, vijana wa mitaani. Mfululizo wake wa Jumapili, Armchair Theatre, ukawa mahali ambapo mtazamaji wa kawaida alisikia sauti inayofanana na ya jirani yake.

Kwa hiyo Lambert alipokuwa na saa yake mkononi, alikuwa amekaa ndani ya karakana ya mtu ambaye mwenyewe alitoka katika karakana ya mtu. Hakufundishwa kwa mihadhara. Alisikia mswada ukikataliwa na kwa nini umekataliwa. Aliona mwongozaji anavyobadilisha nia dakika 10 kabla ya kwenda hewani. Naamini elimu ya aina hii haina mbadala.

Lakini kuona peke yake hakumpandishi mtu. Mwaka 1961 Lambert alikwenda New York, akafanya kazi mwaka mmoja kama msaidizi binafsi wa mtayarishaji David Susskind. Aliporudi ABC alitamani kuongoza, akakuta kiti chake ni kilekile cha msaidizi. Wanawake walikubalika kama makatibu, si kama wenye maamuzi. Akajiwekea muda: mwaka mmoja ukipita bila kupanda, anaiacha televisheni.

Muda huo ulikuwa bado unahesabika Newman alipohama. Desemba 1962 alianza kazi BBC kama mkuu wa michezo ya kuigiza. Kati ya matangazo ya michezo ya Jumamosi alasiri na kipindi cha muziki wa vijana kulikuwa na pengo, na Newman alitaka kulijaza kwa hadithi ambayo mtoto na babu yake wangeitazama pamoja: mzee wa ajabu anayesafiri katika wakati, akiwa na walimu wawili, mmoja wa historia na mmoja wa sayansi, ili watoto wajifunze bila kujua kwamba wanafundishwa. Kikaitwa Doctor Who. Don Taylor akaombwa kukitayarisha, akakataa. Shaun Sutton akaombwa, akakataa. Newman akamwita Lambert.

Alifika BBC Juni 1963. Alikuwa na miaka 27, mtayarishaji mdogo kuliko wote katika idara hiyo na mwanamke pekee. Hakuwahi kutayarisha kipindi hata kimoja. Mwongozaji wa hadithi ya kwanza akawa Waris Hussein, kijana wa miaka 24 aliyezaliwa Lucknow, India. Mtu anaweza kudhani Newman alibahatisha. Mimi nasema hakubahatisha hata kidogo. Alikuwa amekaa karibu na Lambert miaka kadhaa, akimwona akifanya kazi kila wiki, zikiwemo wiki ambazo mambo yaliharibika. Wasifu wa karatasi haukuwa na la kumwambia, kwa kuwa ushahidi aliokuwa nao ulikuwa wa macho. Mwajiri ambaye hajawahi kukaa chumba kimoja na vijana wake hawezi kufanya uamuzi kama ule, hata akiwa na moyo mwema kiasi gani.

Kisha ikaja tarehe 27 Septemba 1963, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo.

Sehemu ya kwanza ilirekodiwa Lime Grove, Studio D, chumba kikuukuu na chenye kubana. Kukata mkanda wa video kulikuwa ghali, hivyo walirekodi karibu mfululizo, kasoro zikiingia pamoja na mazuri. Milango ya chombo cha safari ilikataa kufunga sawasawa, ikawa inagongagonga nyuma ya maneno ya waigizaji. William Hartnell, aliyemwigiza yule mzee msafiri, Daktari, alikuwa mkali na mwenye dharau kupita kiasi, mtu ambaye hakuna mtoto angetaka kusafiri naye. Mjukuu wa Daktari katika hadithi alikuwa wa ajabu mno.

Newman akatazama. Hakuipenda. Akawatoa Lambert na Hussein kwenda kula, na mezani akawaeleza kasoro moja baada ya nyingine. Hussein amesimulia kwamba Newman aliwaambia wazi kuwa alikuwa na kila sababu ya kuwafukuza wote wawili. Badala yake aliwaambia warudi wakairekodi upya, yote, tangu mwanzo.

Fikiria gharama yake. Studio ilikwisha kulipiwa, waigizaji walikwisha kulipwa, na ndani ya BBC kulikuwa na watu ambao tangu mwanzo hawakukitaka kipindi hicho. Newman angeweza kuokoa heshima yake kwa njia mbili rahisi. Angeweza kuwavika vijana wale kilemba cha ukoka, awaambie kazi ni nzuri, kisha aiache ife hewani. Au angeweza kumtoa Lambert na kumweka mwanamume mwenye mvi. Ukweli aliosema ulikuwa mchungu, lakini ulikuwa na anwani: mlango huu, sauti hii, tabia hii ya mzee. Na aliufuatanisha na nafasi ya pili. Tarehe 18 Oktoba walirekodi tena. Hartnell alilegea, akawa na ucheshi machoni. Mjukuu akawa msichana anayependeka.

Nimewahi kukaa katika vyumba vingi vya uhariri, na ninachokisikia mara nyingi ni maneno mawili: "Sio nzuri." Kijana anatoka na mkanda wake bila kujua aguse wapi. Mkosoaji asiyetaja mahali penye kasoro hajafundisha kitu.

Doctor Who ilianza kuonyeshwa Jumamosi tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa Dallas. Dunia ilikuwa inatazama kwingine. BBC ikairudia sehemu ya kwanza Jumamosi iliyofuata kabla ya kuonyesha ya pili.

Hadithi ya pili ndiyo iliyompambanisha mwanagenzi na fundi wake. Newman alikuwa ametoa amri moja tangu mwanzo: hataki majitu ya kubuni yenye macho yaliyotokeza. Yeye alitaka sayansi na historia. Mwandishi Terry Nation akaleta mswada wenye viumbe waitwao Daleks, waliojifungia ndani ya magamba ya chuma na wenye chuki kwa kila kisichofanana nao. Newman akachukia. Lambert akautetea. Alisema hao si majitu ya kutishia watoto tu, ni viumbe walioharibiwa na vita vyao wenyewe, na zaidi ya hapo hakukuwa na mswada mwingine uliokuwa tayari. Akasimama hapo.

Jumamosi tarehe 21 Desemba 1963 watazamaji waliona mwisho wa sehemu yake ya kwanza: mwalimu Barbara amebana mgongo ukutani, anapiga kelele, na kinachomwendea ni mkono mmoja tu, wenye umbo la mpira wa kuzibulia sinki la jikoni. Raymond Cusick, aliyebuni umbo la viumbe hao, alikuwa na fedha kidogo, akatumia kilichokuwepo. Wiki zilizofuata watoto wa Uingereza walikuwa wakitembea viwanjani wamenyoosha mkono mmoja mbele. Hadi Februari 1964 watazamaji walikuwa wamepita milioni 10.

Na Newman? Alimwambia Lambert kwamba ni wazi sasa anakijua kipindi hicho kuliko yeye, na kwamba hatamwingilia tena. Kati ya yote aliyomfanyia, hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Kumpa mtu kazi ni rahisi ukilinganisha na kukiri mbele yake kwamba amekushinda katika jambo ulilolibuni wewe. Wakubwa wengi huishia hapo. Humlea kijana mpaka siku anapowazidi, kisha huanza kumwona adui.

Yaliyofuata yanajulikana. Lambert aliondoka Doctor Who mwaka 1965. Mwaka 1974 akawa mkuu wa michezo ya kuigiza wa Thames Television, na chini yake ikatoka The Naked Civil Servant, filamu ya 1975 kuhusu maisha ya Quentin Crisp. Ikafuata Rumpole of the Bailey, na kuanzia 1979 Minder, kupitia Euston Films, kampuni tanzu ya Thames aliyokuja kuiongoza. Mwaka 1985 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Cinema Verity. Hakufaulu kila mara. Eldorado, tamthilia ya BBC iliyochezwa Hispania na kutayarishwa na kampuni yake, ilianza 1992 na kufungwa baada ya mwaka mmoja.

Alifika hata kwetu. Mwaka 1981 Euston Films ilitengeneza The Flame Trees of Thika, sehemu saba zilizopigwa Kenya, Lambert akiwa mtayarishaji mtendaji. Zilitokana na kumbukumbu za Elspeth Huxley, za utotoni mwake katika shamba la wazazi wake walowezi karibu na Thika. Zimepigwa kwa ustadi, na mwanga wa nyanda zetu haujaharibiwa. Hata hivyo siwezi kuficha maoni yangu. Newman alimfundisha kumtazama mfanyakazi kama mtu anayestahili hadithi yake mwenyewe. Katika Thika ile, wafanyakazi ni Wakikuyu na Wamasai, na hadithi si yao. Wanapita pembeni wakibeba mizigo ya watu wengine. Somo alilolipata London halikuvuka bahari salama, na ninasikitika, kwa sababu nani mwingine alikuwa na macho ya kuliona hilo kama si yeye?

Hata hivyo, kulea alilea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Lynda La Plante alikuwa mwigizaji aliyechoka kupewa nafasi ndogondogo. Akaandika wazo la wajane wa majambazi wanaoamua kulifanya wenyewe tukio ambalo waume zao walifia. Euston Films, Lambert na mwenzake Linda Agran wakiwa ndio wenye maamuzi, ikamkabidhi mfululizo mzima auandike. Widows ikaonyeshwa 1983, na La Plante akaja kuandika Prime Suspect. Hebu tazama mnyororo: Grierson kwa kijana wa kuunganisha filamu, kijana huyo kwa binti wa kupiga chapa, binti huyo kwa mwigizaji mwenye wazo mfukoni. Kila mmoja alipewa kazi kubwa kuliko cheo chake na mtu aliyekuwa akimwangalia kwa karibu.

Sisi tuna vijana wanaokuja studioni kila mwaka kwa mafunzo ya vitendo. Wengi hubeba nyaya, huagizwa chai, hupigiwa muhuri kwenye kitabu chao na kuondoka. Ninawaomba wakuu wa vipindi, kwa dhati kabisa: mketisheni mmoja kati yao pembeni yenu kwenye chumba cha kuongozea, wiki baada ya wiki. Mpeni saa ahesabu sekunde. Akileta kazi mbovu, mwambieni ni mbovu wapi, kisha mpeni siku ya kuirudia. Bajeti ya jambo hilo ni muda wenu.

Newman alifariki Toronto mwaka 1997. Lambert alifariki London tarehe 22 Novemba 2007, siku tano kabla ya kutimiza miaka 72, na siku moja kabla ya kipindi chake cha kwanza kutimiza miaka 44.

Mei mwaka huohuo, akiwa bado hai, BBC ilionyesha sehemu ya Doctor Who iitwayo Human Nature. Ndani yake Daktari amejificha duniani kama binadamu wa kawaida, mwalimu wa shule, na muuguzi anamwuliza kuhusu asili yake. Anajibu kwamba wazazi wake waliitwa Sydney na Verity.